Kable zinafanana, lakini moja inayeyuka na ingine hapana

Katika butike za Nizi, Iga-Barrière na Bunia, kable mbili nyeusi zinaweza kulala pamoja juu ya meza: unene ni mmoja, shaba ni moja, lakini bei haiko sawa. Mnunuzi anachukua ile ya bei ya chini. Tofauti yao iko katika plastiki inayofunika shaba, na mutu anaiona siku waya inapopata joto.

Ngozi na koti

Ndani kabisa ya kable kuna shaba ao aluminiamu inayopitisha kuran. Juu yake kuna ngozi inayozuia kuran isitoke. Hiyo ndiyo inamlinda mutu. Nje kuna koti, kazi yake ni kulinda ile ngozi na maji, jua na mawe. Wengi wanachanganya hizo mbili. Kable inaweza kuwa na ngozi ya nguvu na koti ya kawaida.

Plastiki inayotumika sana majumbani ni PVC. Bei yake ni nafuu, inapinda vizuri na haishiki moto upesi. Lakini imetengenezwa kwa kufanya kazi mpaka nyuzi joto 70 tu. Mutu akiweka rishoo, pasi na frigo juu ya waya moja nyembamba, waya inapata joto kupita pale. PVC inalegea, shaba inazama ndani yake pole pole mpaka inakaribia waya ya pili. Zikigusana, cheche zinaruka, na nyumba inaweza kuungua usiku watu wakiwa wamelala.

Plastiki iliyofungwa kama wavu

Fikiri nyuzi zilizorundikwa ndani ya kikapu: ukivuta moja, inatoka. Plastiki ya kawaida iko vile. Ni minyororo mirefu midogo isiyoonekana kwa macho, inalala moja juu ya ingine, na joto likija inateleza. Sasa chukua nyuzi zilezile, uzifunge mafundo kila mahali kama nyavu za wavuvi wa Tchomia. Ukivuta, wavu unanyooka lakini hauachani. Hiyo ndiyo plastiki ambayo kwa Kifaransa inaitwa polietileni retikile. Joto linailainisha, lakini haligeuki kuwa uji.

Viwanda vinafunga mafundo yale kwa njia tatu. Kuna wanaochanganya plastiki na dawa ya peroksidi na kuipitisha kwenye joto kali. Kuna wanaotumia dawa ya silane, halafu kable inakaa ndani ya maji ya moto ao mvuke mpaka inakomaa. Wengine wanaipiga kwa miali ya elektroni. Kisha wanaipima: kipande kinatundikwa na uzito ndani ya furu ya nyuzi joto 200 kwa dakika 15. Kikinyooka kupita kiasi, mafundo hayakutosha. Kable nzuri ya namna hii inafanya kazi mpaka nyuzi joto 90, na waya zikigusana, ngozi yake inavumilia nyuzi 250 kwa sekunde chache. PVC ya kawaida inaishia 160.

Wazo hili lilianzia kwenye mpira. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na kiberiti cha unga, hauyeyuki tena wakati wa joto. Kiberiti ndicho kilifunga mafundo. Mpira uleule ulitakiwa kwa magurudumu na kwa kufunika waya za kuran, na wakati wa mfalme Leopold II, Wakongo walilazimishwa kuutafuta porini. Wengi walikufa kwa ajili yake. Polietileni yenyewe ilipatikana Uingereza mwaka 1933. Watu wa kampuni General Electric, Marekani, ndio waliifunga mafundo kwa kazi ya kable, mwaka 1963. Kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilikuwa kimeshajengwa kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto.

Kusoma maandishi

Fundi akitaka kujua, asome kile kilichoandikwa juu ya koti. H07V: herufi V ni PVC. U-1000 R2V: R ni ngozi retikile, V ni koti ya PVC. Kwa pompi za wachimbaji wa dhahabu, kable inayofaa ni H07RN-F, ya mpira ndani na nje, inayokubali kukokotwa katika matope. Waya ya nyumba ndani ya shimo lenye maji ni hatari ya kifo. Hakuna fundi anayepaswa kuikubali. Kwa pano za sola kuna H1Z2Z2-K, retikile kote, iliyotengenezwa kwa jua na kwa volti 1500.

Maandishi yanaweza kudanganya. Njia ya mafundi ni kukata kipande kidogo kisichounganishwa na kuran, kuondoa koti, kisha kugusa ngozi ya ndani na chuma cha kulehemu. Plastiki ya kawaida inayeyuka na kushikamana na chuma. Ya retikile inabonyea, lakini haivutiki kama ulimbo. Si kipimo cha maabara, ila kinasaidia kugundua kable ya uongo.

Mahali nguvu yake inaishia

Prizi nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 70, kwa hiyo kable ya 90 haimpi mutu ruhusa ya kuipakia zaidi: prizi ndiyo itaungua kwanza. Jua nalo linapasua plastiki isiyo na rangi nyeusi ya masizi. Ndiyo maana kable zilizosokotwa za barabarani ni nyeusi. R2V ikizikwa, inapaswa kupita ndani ya tuyo. Maji nayo yanaweza kupenya polepole katika kable za moto mkubwa na kuchora ndani ya ngozi alama kama matawi ya mti; viwanda viligundua shida hiyo miaka ya 1970, kable zilipoanza kufa mapema.

Kitu kingine: plastiki retikile haiyeyushwi upya kirahisi, sawa na yai lililochemka. Wanaotafuta shaba wanachoma kable za zamani, mara nyingi karibu na nyumba. Koti ya PVC ikiungua inatoa moshi wa asidi unaochoma macho na mapafu. Kisu kinachukua muda mrefu zaidi, lakini shaba inatoka safi, na watoto wanaocheza pale hawavuti ule moshi.