Kubadilisha oili ya pikipiki

Kubadilisha oili ya pikipiki ni kazi ya kutoa oili iliyochakaa ndani ya injini na kuweka mpya. Mafundi na waendeshaji wengi huiita kumwaga oili, wakiwa na maana ya kazi yote, si ya kumwaga tu. Pamoja na kulainisha mnyororo, kusafisha kichujio cha hewa na kukagua plagi, breki na matairi, ni sehemu ya matengenezo ya kawaida ambayo mwenye pikipiki anaweza kuyafanya nyumbani kwa vifaa vichache.

Makala hii inahusu hasa pikipiki ndogo zenye injini ya mipigo minne na silinda moja inayopozwa kwa hewa, za ukubwa wa sentimita za ujazo 100 hadi 150. Aina hii ndiyo inayotumiwa zaidi na bodaboda wa Afrika Mashariki, kwa mfano Bajaj Boxer, TVS HLX na pikipiki nyingi za Kichina. Injini za mipigo miwili ni tofauti: oili yake huchanganyika na petroli na kuungua pamoja nayo.

== Kazi ya oili ==

Oili hutengeneza utando mwembamba kati ya vyuma vinavyosuguana, kama vile pistoni na silinda. Pia hubeba joto kutoka sehemu za ndani, hukusanya masizi na chembe za chuma, na huzuia kutu.

Katika pikipiki nyingi oili hiyohiyo hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Gari kwa kawaida huwa na oili ya injini peke yake na ya giaboksi peke yake. Kwa sababu hiyo oili ya pikipiki huchakaa haraka zaidi: meno ya gia huisaga, na vumbi la sahani za klachi huingia ndani yake. Tena kiasi chake ni kidogo, karibu lita moja tu, hivyo uchafu mdogo huonekana upesi.

Oili ikipungua au ikichakaa sana, utando huo hukatika. Chuma hugusa chuma, joto hupanda, pistoni huchanika na mwishowe injini inaweza kukwama. Ikikwama barabarani gurudumu la nyuma linaweza kuganda na kumwangusha dereva. Kwa anayeishi kwa kubeba abiria, injini iliyokwama pia ni siku kadhaa bila kipato, pamoja na gharama ya pistoni, silinda na hata krenki. Gharama hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko bei ya lita moja ya oili.

== Historia ==

Tatizo la oili isiyobadilishwa limeathiri hata namna pikipiki zinavyobuniwa. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ya CG125, iliyokusudiwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito, hupita barabara za vumbi na hukosa matengenezo ya mara kwa mara. Badala ya kuweka kamu juu ya kichwa cha silinda, ambako oili hupanda kwa shida inapopungua, wabunifu waliiweka chini na kutumia vijiti kusukuma valvu. Mnyororo wa nyuma ulifunikwa wote ili usipate vumbi. Ndani ya injini kuna chujio linalozunguka pamoja na krenki na kurusha uchafu pembeni, hivyo halihitaji kununuliwa upya kila mara.

Baadaye injini ya muundo huo iliigwa na viwanda vingi vya China, na pikipiki zenye injini ya namna hiyo zimeenea Afrika. Hata hivyo, injini inayovumilia uzembe si injini isiyohitaji oili.

== Kuchagua oili ==

Chombo cha oili huwa na alama kadhaa:

* SAE huonyesha uzito wa oili. Katika alama kama 20W-50, namba ya kwanza pamoja na herufi W inahusu oili ikiwa baridi, na ya pili oili ikiwa moto. Pikipiki nyingi za ukanda wa joto hutumia 20W-50 au 20W-40, lakini kuna zinazotaka oili nyepesi zaidi kama 10W-30. Kitabu cha pikipiki ndicho cha kufuatwa.
* API huonyesha daraja la ubora. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo daraja lilivyo jipya zaidi.
* JASO ni kipimo cha Japani kwa oili za pikipiki, kilichoanza mwaka 1998. Alama MA au MA2 zinafaa pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili. Alama MB ni ya skuta nyingi ambazo klachi yake ni kavu.

Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Zikiwekwa kwenye pikipiki zinaweza kufanya klachi iteleze: injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani au ukiwa na mzigo.

Oili bandia na oili iliyotumika ikachujwa na kuuzwa upya ni hatari kwa injini. Mnunuzi aangalie kama mfuniko una kizuizi chake na haujafunguliwa, na kama chapa zimechapwa vizuri. Kopo tupu ni bora kutobolewa kabla ya kutupwa ili lisijazwe tena na kuuzwa.

== Wakati wa kubadilisha ==

Pikipiki mpya humwagwa oili mapema, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000 za kwanza, kwa sababu vyuma vipya vinapozoeana hutoa chembe nyingi. Baada ya hapo, kwa pikipiki ndogo nyingi, muda wa kawaida ni kati ya kilomita 2,000 na 3,000. Vumbi, mizigo mizito na safari fupifupi za kusimama na kuondoka hupunguza muda huo.

Ikiwa kipimo cha kilomita kimeharibika, hesabu hufanywa kwa siku. Bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 2,000 kwa siku 20. Anayetumia pikipiki kwenda kazini kilomita 10 kwa siku hufikisha umbali huohuo kwa siku 200, lakini hata yeye hashauriwi kuacha oili zaidi ya mwaka mmoja.

Rangi nyeusi peke yake si dalili kuwa oili imekwisha, kwani oili nzuri hubeba masizi na kuwa nyeusi mapema. Oili yenye rangi kama ya chai ya maziwa ina maji ndani yake na hubadilishwa mara moja.

== Vifaa ==

* Spana inayolingana na bolti ya kumwagia oili (mara nyingi namba 17)
* Beseni au dumu lililokatwa ubavuni
* Oili mpya ya kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu au ubavuni mwa injini
* Washa mpya ya bolti, ya shaba au alumini
* Faneli, vitambaa na glavu

== Hatua ==

1. Washa injini kwa dakika tatu hadi tano. Oili yenye uvuguvugu hutoka haraka na kubeba uchafu. Isiwe ya moto kiasi cha kuunguza.
2. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, kisha zima injini. Jihadhari na bomba la moshi.
3. Safisha eneo la bolti na la mfuniko wa kujazia ili mchanga usiingie ndani.
4. Weka beseni chini, fungua mfuniko wa juu ili hewa ipite, halafu fungua bolti ya chini. Bolti hulegea kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa ukiitazama kutoka chini.
5. Acha oili ichuruzike kwa dakika kumi hivi. Katika injini nyingine bolti hii hutoka pamoja na springi na wavu mdogo wa kuchujia. Vioshwe kwa mafuta ya taa na kurudishwa kwa mpangilio uleule. Kama injini ina chujio la karatasi, hubadilishwa sasa.
6. Kagua oili iliyotoka. Unga laini wa kijivu kwenye bolti ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni dalili ya kuvunjika kwa kitu ndani, na pikipiki ipelekwe kwa fundi.
7. Weka washa mpya na urudishe bolti kwa mkono hadi igote, ndipo uikaze kwa spana. Injini ni ya alumini, laini kuliko bolti. Ukikaza kwa nguvu zote au kwa kurefusha spana kwa bomba, nyuzi za tundu hukatika. Huu ni uharibifu wa kawaida kabisa katika kazi hii.
8. Mimina oili mpya kidogo kidogo hadi karibu na kiasi kinachotakiwa, kisha funga mfuniko.
9. Washa injini bila kuipandisha mwendo kwa dakika mbili au tatu. Zima, subiri dakika kadhaa, kisha pima. Chunguza kama bolti inavuja.

Kipimo cha kijiti husomwa pikipiki ikiwa imesimama wima. Katika pikipiki nyingi kijiti hufutwa, huingizwa na kuachwa kikae juu ya nyuzi bila kuzungushwa, kisha husomwa. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kuzidisha nako ni kosa: oili nyingi hutoa povu, hupenya penye mihuri na huongeza joto.

Kuongeza oili mpya juu ya chafu husaidia kiasi kisipungue njiani, lakini hakuondoi uchafu. Hakuchukui nafasi ya kubadilisha.

== Matengenezo mengine ya nyumbani ==

=== Mnyororo ===

Mnyororo husafishwa kwa mafuta ya taa na brashi, hufutwa, kisha hupakwa oili ya mnyororo au oili nzito ya gia, injini ikiwa imezimwa. Vidole vilivyokatwa na mnyororo unaozungushwa na injini ni ajali inayojulikana sana. Ukisukumwa kwa kidole katikati ya upande wa chini, mnyororo wa pikipiki nyingi ndogo hucheza kiasi cha milimita 20 hadi 30. Wakati wa kuukaza, alama za pande zote mbili za gurudumu zilingane, na breki ya nyuma ipimwe upya kwa kuwa gurudumu limesogea. Klipu ya kiungio hufungwa upande uliozibwa ukielekea mnyororo unakokwenda. Mnyororo ukichakaa hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili.

=== Kichujio cha hewa ===

Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. Cha karatasi hakioshwi: hupulizwa kwa hewa kutoka upande wa ndani, au hubadilishwa. Kuendesha bila kichujio huingiza vumbi kwenye silinda na kuilia kama msasa.

=== Plagi ===

Ncha yenye rangi ya kahawia au kijivu ni ya kawaida. Masizi makavu meusi huonyesha petroli nyingi au kichujio kilichoziba. Ncha yenye majimaji ya oili huonyesha kuwa oili inapanda na kuungua, ambapo moshi pia huwa wa bluu. Ncha nyeupe huonyesha joto kupita kiasi. Nafasi ya ncha mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8.

=== Breki na matairi ===

Upepo hupimwa matairi yakiwa baridi, na la nyuma huongezwa linapobeba abiria, kwa kufuata kitabu. Breki za kiowevu hutumia kiowevu chake maalumu, kama DOT 3 au DOT 4 kadiri kilivyoandikwa kwenye mfuniko. Oili ya injini ikiingia humo huharibu mipira na breki hufeli. Oili ikidondokea tairi au padi za breki, isafishwe kabla ya kuendesha.

== Oili chafu ==

Oili iliyotumika ina metali na kemikali zenye sumu. Ikimwagwa ardhini au mtaroni huharibu udongo na maji ya visima na mito. Kuigusa mara kwa mara kwa miaka mingi huhusishwa na magonjwa ya ngozi, pamoja na saratani, hivyo glavu hutumika na mikono huoshwa kwa sabuni, si kwa petroli.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki oili chafu hupakwa kwenye mbao na nguzo ili kuzuia mchwa. Desturi hiyo huipeleka sumu ileile kwenye udongo, na haifai kwa mbao za zizi, kitanda au karibu na kisima. Njia bora ni kuihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na watoto, na kuipeleka kwenye gereji au kituo kinachokusanya oili kwa ajili ya kusafishwa upya.

== Kazi za kuachiwa fundi ==

Kupima nafasi ya valvu, kufungua klachi na kutoa hewa kwenye breki za kiowevu huhitaji vifaa na uzoefu. Vivyo hivyo kelele ya kugonga ndani ya injini, moshi wa bluu usiokwisha, au oili inayopungua upesi bila kuonekana ikivuja. Mwenye kumwaga oili mwenyewe na kuandika tarehe na kilomita kila mara huzitambua dalili hizi mapema, na fundi akiyaona maandishi hayo hujua pa kuanzia.

== Tazama pia ==

* Pikipiki
* Bodaboda
* Injini ya mwako wa ndani