Mchezo Humfundisha Mtoto Nini?

Katika Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari wa Gisozi, jijini Kigali, kimo chumba cha watoto waliouawa mwaka 1994. Pamoja na picha zao yameandikwa waliyoyapenda: chakula, rafiki, kitu cha kuchezea. Tukitoka humo, hatuwezi tena kusema kuwa mchezo ni jambo dogo.

Nchini Ujerumani, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uliuzwa mchezo wa ubao ambao mshindi wake ni yule aliyetangulia kuwatoa Wayahudi sita nje ya kuta za mji. Mwaka 1943, katika geto la Terezín walimofungwa Wayahudi, msanii mfungwa Oswald Pöck alichora ubao wa Monopoly wenye majengo ya geto lenyewe, ili watoto wacheze na wapajue walipo. Mwaka uliofuata alipelekwa Auschwitz, asirudi. Ubao wake umehifadhiwa Yad Vashem, Jerusalem.

Ubao mmoja ulimzoeza mtoto kumfukuza jirani. Mwingine ulimkumbusha mfungwa kuwa angali mtoto. Wazazi na walimu wenzangu, tuuchunguze mchezo kabla ya kumkabidhi mtoto.