Kiwanja cha Congo kule New Orleans

Wengi kwetu hawajui kama jina la Congo liko hata Marekani. Katika muji wa New Orleans kuna kiwanja kinachoitwa Congo Square. Mwaka 1817 wakubwa wa muji walikataza watumwa kukusanyika ovyo: siku ya Mungu tu, na mahali pamoja tu. Basi wakaja hapo kwa mamia, kati yao watu wa Kongo wengi, wakapiga ngoma na kucheza. Benjamin Latrobe, mzungu mjenzi, aliwaona mwaka 1819. Ule muziki hakuupenda hata kidogo, lakini alichora vyombo vyake: ngoma, na kimoja cha nyuzi chenye tumbo la kibuyu. Kwa hiyo picha tunamshukuru.

Mwaka 1893 kiwanja kikapewa jina la Beauregard, jenerali aliyepigania upande wa wenye watumwa. Watu weusi wa hapo wakaendelea tu kusema Congo. Hata tamasha kubwa la jazz la muji lilianzia hapo, nje, mwaka 1970, kiisha likahamia uwanja mwingine. Serikali ya muji ilirudisha jina mwaka 2011 tu. Siku ya Mungu, mchana, ngoma zinalia tena hapo.