Kengeleni: Matembezi katika Mtaa wa Walioachwa Huru, Mombasa

Mji wa Mombasa una majina mengi ya mahali ambayo watu huyatamka kila siku bila kuuliza asili yake. Mojawapo ni Kengeleni. Utingo wa matatu huliita kwa sauti, abiria hushuka, na wachuuzi huendelea na biashara zao. Hata hivyo, kengele iliyoupa mtaa huo jina ingali imetundikwa pale pale kando ya barabara kuu iendayo Malindi. Ni kengele ya Freretown, makazi ya Wakristo walioanzishiwa maskani mapya mwaka 1875 baada ya kuokolewa katika majahazi ya watumwa.

Matembezi ya kuujua mtaa huu yafaa yaanzie kisiwani, kwenye Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980. Anayelivuka kwa miguu huyaona maji yanayokitenga kisiwa na bara ya kaskazini. Maji hayo, yanayoonekana leo kuwa kizuizi kidogo, yalikuwa mpaka wenye maana kubwa katika karne ya 19. Ng'ambo ya huku ulikuwako mji wa waungwana, wafanyabiashara na maliwali wa Sultani wa Zanzibar. Ng'ambo ya pili, katika ardhi ya Kisauni, walikuja kuwekwa watu ambao mji huo ulikuwa haujui uwaite nani.

Baada ya daraja, ukishika njia ya kulia kuelekea ufuo unaotazamana na Mji wa Kale, utafika kwenye mnara wa ukumbusho wa Johann Ludwig Krapf. Mjerumani huyu, aliyetumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, aliwasili Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye, Julai mwaka huo huo, mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki dunia, wakazikwa upande huu wa bara. Krapf aliendelea na kazi, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo huko Rabai. Kwa karibu miaka 30 misheni hiyo ilikuwa na waumini wachache sana. Lililokuja kuibadili halikutoka Rabai wala Mombasa. Lilitoka baharini.

Manowari za Uingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyobeba watumwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Wengi wa waliookolewa, hasa watoto, walipelekwa Bombay, na baadhi yao wakalelewa katika kituo cha misheni karibu na mji wa Nasik. Huko walifundishwa kusoma, useremala na uhunzi, wakabatizwa na kupewa majina ya Kiingereza. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika Zanzibar kumshawishi Sultani Barghash bin Said akomeshe biashara hiyo. Sultani alikataa. Juni mwaka huo, baada ya Frere kuondoka na Waingereza kutishia kuizingira Zanzibar kwa manowari, alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao.

Tangu hapo pakahitajika mahali pa kuwapeleka waliookolewa. Mchungaji William Salter Price, aliyekuwa amekiongoza kituo cha Nasik, alifika Mombasa Novemba 1874, akanunua ardhi Kisauni kwa niaba ya chama chake. Makazi hayo yakaitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle. Mwaka uliofuata manowari zikaanza kuwashusha pale watu wa asili mbalimbali: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi na wengineo. Waliowapokea, wakawafundisha na kuwa wakalimani wao walikuwa Waafrika wenzao waliorejea kutoka Bombay, miongoni mwao William Jones, Ishmael Semler na George David.

Kutoka ufuoni, njia inapanda kurudi kwenye barabara kuu mpaka Kengeleni. Hapo ndipo ilipo kengele yenyewe, katika jengo lake dogo la mawe, imezungukwa na magari, maduka na vumbi. Ilikuwa ikilia kuwaita watu kazini, shuleni na kanisani. Ilikuwa pia ikilia kuwatahadharisha wakazi kwamba hatari inakaribia. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mkataba wa 1873 ulizuia watumwa kupitishwa baharini, lakini haukufuta utumwa katika nchi kavu. Mtu aliyeokolewa katika jahazi alihesabiwa kuwa huru. Mtu aliyetoroka shamba la bwana wake lililo mwendo wa saa chache tu alibaki mtumwa kisheria, na bwana alikuwa na haki ya kumdai. Kwa hiyo mabwana wa pwani waliyatazama makazi haya kama pango la kuficha mali zao, na mara kadhaa ulienea uvumi kwamba yangevamiwa.

Wala ndani ya makazi yenyewe uhuru haukuwa mkamilifu. Ardhi ilikuwa ya misheni, na kanuni zilikuwa za misheni. Msimamizi mmoja wa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, Streeter, aliwaadhibu wakazi kwa viboko na vifungo hata malalamiko yakafika mbali, na Price akalazimika kurudi kutoka Uingereza kuyatengeneza mambo. Waliotoka katika minyororo ya jahazi waligundua kwamba mkono unaokomboa unaweza pia kushika fimbo.

Mbele kidogo ya kengele lipo Kanisa la Emmanuel, ambalo waumini wake wanaendelea kusali hadi leo. Historia ya kanisa hili haiwezi kutenganishwa na ile ya wana wa Bombay. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. George David, aliyetarajiwa kuwa nao, alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Hannington katika safari ya kwenda Buganda. Askofu alipouawa huko Busoga mwezi wa Oktoba, Jones ndiye aliyewarejesha pwani wapagazi waliosalia.

Huko Rabai, Jones alikuwa akiwapokea watoro kwa mamia bila kuwarudisha kwa mabwana zao. Kufikia 1888 jambo hilo lilikuwa limekaribia kuzusha vita. George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliamua kuwalipa mabwana fidia ya watoro takriban 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni. Januari 1889 watu hao walikabidhiwa vyeti vya uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Hapa yafaa kulitazama neno moja. Katika Kiswahili cha pwani cha wakati ule, kinyume cha mtumwa hakikuwa mtu mwenye cheti. Kinyume chake kilikuwa mwungwana: mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana, mwenye nyumba na makaburi ya mababu. Cheti cha Mackenzie kiliweza kumpa mtu uhuru. Hakikuweza kumpa ungwana. Mtu wa Freretown alikuwa huru, lakini ukoo wake ulikuwa umeachwa ziwani Nyasa, jina lake lilikuwa limeandikwa na mmisionari, na ardhi aliyolima haikuwa yake.

Ungwana huo watu wa Freretown walijitafutia wenyewe, kwa elimu na kwa lugha. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya asili, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya watoto wao. Chuo cha theolojia kilichoanzishwa hapa mwaka 1888 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wakazi wake walikuwa walimu, makarani na wachungaji katika sehemu nyingi za Kenya. Mmoja wao, James Juma Mbotela, ambaye baba yake alitekwa utumwani kisha akaokolewa na manowari, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Baadhi ya wahakiki wamekilaumu kwa kumsifu mno Mwingereza na kumchora Mwarabu kwa rangi moja tu. Lawama hiyo ina uzito. Lakini kitabu hicho kingali ushahidi adimu wa mtoto wa mtumwa akisimulia habari za wazazi wake kwa lugha iliyokuwa yake.

Mmoja wa ukoo wake, Leonard Mambo Mbotela, alikuwa miongoni mwa sauti zilizojulikana zaidi katika redio nchini Kenya hadi alipofariki Februari 2025. Kwa miongo mingi aliendesha kipindi kilichowafundisha Wakenya adabu na mwenendo mwema. Kipindi hicho kiliitwa Je, Huu ni Ungwana? Wasikilizaji wengi walilichukua neno hilo kwa maana yake ya leo, yaani ustaarabu. Babu yake angelisikia kwa maana yake ya zamani.

Mtaa wa Freretown leo umejaa nyumba za kila aina, na wakazi wake ni wa dini na makabila yote. Jina la Sir Bartle limebaki katika ramani. Lakini anayetaka kushuka hapo humwambia utingo neno ambalo wenyeji walilitoa katika kengele iliyowaamsha asubuhi na kuwaonya usiku: Kengeleni.