Mbegu za makaburini: ginsi preri ya Iowa ilivyorudishwa

Neno « preri » wanafunzi wetu wanalikuta katika jeografia, pamoja na savana na stepi, wanalishika juu ya mtihani, kisha wanalisahau. Ni neno la Kifaransa. Jolliet na padri Marquette walifika kwenye mto Mississippi katika mwaka 1673, na Wafaransa waliofuata njia yao hawakuwa na jina la kuita inchi ile: majani yanayomfunika mtu aliyesimama, bila mti, mpaka macho yanachoka. Wakatwaa jina la malisho ya ng'ombe ya kwao. Jina lilibaki. Majani yenyewe hayakubaki.

Tuongee juu ya jimbo moja, Iowa, katikati ya Marekani, kwa sababu ni pale preri ilipoteketea zaidi, na ni pale watu walipojaribu kuirudisha kwa mikono yao. Zamani zaidi ya robo tatu ya jimbo lile ilikuwa preri ya majani marefu. Leo preri ya asili iliyobaki haifiki hata sehemu moja kwa elfu.

Wenyeji wa inchi, kama vile Waioway ambao jimbo linabeba jina lao, na Wameskwaki, walikuwa wanaichoma. Mtu aliyekomaa katika savana atafahamu bila kuelezwa: majani ya zamani yanaungua, machipukizi yanatoka, nyama wanakuja kula, wawindaji wanajua pa kuwangojea. Moto ulikuwa na kazi nyingine pia. Jani la preri linachipuka kutoka chini ya udongo, moto unapita juu na haliumii. Mti mchanga unaungua wote. Bila moto, miti ingeingia. Wazungu waliofika baadaye waliona pori ambalo hakuna mtu alilishughulikia, kumbe lilikuwa linatunzwa.

Kisha ikaja vita ya Black Hawk, katika mwaka 1832, na mwaka uliofuata walowezi wakaanza kuvuka Mississippi. Mwanzoni udongo uliwashinda. Ulikuwa mweusi, wenye kunata, na majembe yao ya kukokotwa na ng'ombe yalisimama kila hatua juu ya kugandwa na matope. Katika mwaka 1837 fundi mmoja wa chuma, John Deere, katika jimbo la jirani la Illinois, alitengeneza jembe la chuma cha pua kilicho laini, na udongo ukateleza. Kufika mwaka 1900 kazi ilikuwa karibu imekwisha. Ni maisha ya mtu mmoja tu! Mashamba ya mahindi yalichukua nafasi yote, kwa sababu udongo ule ulikuwa tajiri, na utajiri wake ulitoka katika preri yenyewe: mizizi inayoshuka mita nyingi, inayokufa na kuoza kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Mkulima alikula akiba ya majani aliyoyaangamiza.

Majani yalijificha wapi? Sehemu mbili sana sana. Ya kwanza ni kando ya reli: kampani za reli zilizungushia inchi yao seng'enge, hakuna aliyelima pale, na cheche za magari ya moshi ziliwasha moto mara kwa mara, sawa vile wenyeji walivyofanya. Ya pili ni makaburini. Walowezi wa kwanza walizika wafu wao katika preri ambayo haijalimwa bado, wakaweka ukuta au seng'enge, na hakuna mtu aliyethubutu kupitisha jembe juu ya baba yake. Miaka mia na zaidi, kuzunguka kulilimwa, ndani hakukuguswa. Makaburi ya Rochester, mashariki ya Iowa, yanajulikana sana kwa ajili hiyo: maua ya preri yanaota kati ya mawe ya marehemu mpaka leo.

Sasa tufike kwenye kimbilio lenyewe. Karibu na mji mdogo unaoitwa Prairie City, upande wa mashariki wa Des Moines, kampani moja ya umeme ilikuwa imenunua mashamba ili kujenga kiwanda cha umeme wa nyuklia. Mpango ukaachwa. Inchi ikabaki, karibu hekta 1,450 katika mkono mmoja, jambo ambalo ni nadra sana kule. Mbunge Neal Smith, mwana wa Iowa aliyekaa bungeni kutoka 1959 mpaka 1995, aliona nafasi. Katika mwaka 1990 bunge la Marekani lilikubali, mwaka uliofuata serikali ikanunua. Kwanza iliitwa Walnut Creek. Katika mwaka 1998 wakaipa jina la Smith, akiwa mzima bado. Alifariki katika mwaka 2021, mwenye miaka 101.

Msomaji wa Kongo atalinganisha mara moja. Parc Albert yetu, Virunga ya leo, ilianzishwa katika mwaka 1925 kwa amri ya mfalme wa Ubelgiji, na watu waliokuwa wanakaa mule waliondolewa. Kule Iowa walinunua. Lakini tusiharakishe kusifu, kwa sababu kule kuondoa watu kulitangulia: Wameskwaki walisukumwa mpaka Kansas katika miaka ya 1840. Wengine walirudi, na katika mwaka 1857 walinunua kwa pesa zao wenyewe hekta 32 hivi karibu na Tama, katika inchi iliyokuwa yao. Wako pale mpaka leo. Mimi naona hiyo njo historia ya kwanza ya kurudisha preri, hata kama haiandikwi hivyo.

Serikali ilikuwa na inchi, lakini ilikuwa inchi ya mahindi na soya. Mbegu zitoke wapi? Za kununua zilitoka mbali, na wataalamu walitaka mbegu za pale pale. Basi watu wa jirani wakaingia kazini. Wakaenda kando ya reli, kando ya barabara, makaburini, na mifuko na ndoo, wakavuna kwa mkono, aina moja moja, kila aina kwa majira yake. Walikuwa watu wa kujitolea, wazee kwa vijana. Mbegu zinakaushwa, zinapurwa, zinachanganywa. Nyingi zinahitaji kulala katika baridi ya udongo kabla ya kuota. Kupanda kulianza katika mwaka 1992. Miaka ya kwanza anayepita barabarani anaona magugu tu, juu mmea wa preri unajenga mizizi mbele ya kujionyesha. Bisoni wakaletwa katika mwaka 1996, wakawekwa ndani ya seng'enge kubwa. Na moto ukarudi, safari hii na magari ya maji pembeni.

Watu wale wakajifunga pamoja katika shirika la marafiki wa kimbilio. Wanaendesha duka pale, wanasaidia masomo ya watoto, wanarudi kila mwaka kuvuna na kung'oa mimea mibaya. Ukiondoa watu hawa, serikali ingebaki na hekta za magugu.

Kazi ile ilizaa jambo ambalo hata mkulima wa mahindi alilisikiliza. Kutoka mwaka 2007, watafiti wa chuo kikuu cha Iowa State walipanda ndani ya kimbilio vipande vya preri katikati ya mashamba. Kutoa sehemu moja kwa kumi tu ya shamba kulipunguza udongo unaochukuliwa na mvua kwa karibu asilimia 95. Sisi tunaoona mito yetu ikiwa myekundu kila msimu wa mvua, hesabu hiyo tuisome mara mbili.

Lakini kazi haijakwisha. Mpango ulikuwa hekta 3,500 hivi. Bado hazijafikiwa, kwani inchi ya mahindi ni ghali. Na shamba lililopandwa upya halijapata aina zote zilizoko katika kipande kidogo cha preri ya zamani.

Kule Rochester nako kumekuwa na mabishano. Jamaa wengine wanataka majani yakatwe mafupi, juu kaburi lililofunikwa na majani ni aibu kwa wafu. Wengine wanasema majani yale wafu wenyewe waliyakuta pale, yaachwe. Mtu aliyelelewa kufagia kaburi la babu yake hawezi kuwacheka wa kwanza. Hata hivyo, mimi ningekuwa upande wa pili.