Kabla ya pambizo: makala ya Mpemba na daftari langu la Tosamaganga

Naandika haya Tosamaganga, jioni, baridi ya Iringa imeshaingia chumbani na mbele yangu kuna barua ya mhariri niliyoisoma mara nne. Makala yangu imerudishwa tena. Kama unasoma uzamili, hali hii unaijua.

Mara ya kwanza tatizo lilikuwa mpangilio: ikisiri ndefu mno, majedwali mahali pasipotakiwa, marejeo kwa mtindo usio wao. Nilirekebisha wiki nzima huku nanung'unika. Safari hii mhakiki ameuliza swali moja tu. Utafiti wangu ni wa maji ya bomba, na yeye anataka kujua: kabla ya kujaza chupa za sampuli, uliyaacha maji yatiririke kwa muda gani, na ilikuwa saa ngapi? Nimefungua daftari la uwandani. Nusu ya sampuli hazina saa.

Basi badala ya kulia nimerudi kwenye makala moja ya mwaka 1969, ambayo naomba tuisome pamoja, maana sehemu ya chimbuko lake iko jirani. Ukitoka hapa kwenda Iringa mjini, si mbali, utafika Mkwawa, ambako leo kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Miaka ya 1960 palikuwa na shule ya sekondari, na mmoja wa wanafunzi wake aliitwa Erasto Mpemba.

Kisa chenyewe pengine umekisikia. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Siku moja nafasi zilikuwa zinakwisha. Mwenzake akaweka maziwa yake bila kuyachemsha kabisa, naye Mpemba akaweka ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akauliza tena, na darasa zima likapata msamiati mpya wa kumtania: hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati wa maswali Mpemba akasimama. Ukichukua bika mbili zenye maji kiasi kilekile, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziweka kwenye friji, ya nyuzi 100 ndiyo inaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Huko Dar fundi wa maabara akajaribu, akaja kueleza kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi! Mimi kila nikifika hapo nacheka, halafu najiuliza mara ngapi nami nimefanya hivyo.

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza likatoa makala ya Mpemba na Osborne. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: Cool? Wakati huo Mpemba alikuwa anasoma mambo ya wanyamapori Mweka, Moshi. Sasa tazama ilivyopangwa, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka ufike. Sehemu ya kwanza anaongea Mpemba mwenyewe, kwa "mimi": maziwa, friji, mwalimu, kicheko, yote yamo. Sehemu ya pili ni ya Osborne, na hapo lugha inabadilika. Maji sentimita za ujazo 70 katika bika ya 100, kwenye kisanduku cha barafu cha friji ya nyumbani, juu ya kipande cha povu la plastiki. Halafu majaribio ya kuchuja sababu: maji yanayopotea kwa uvukizi hayakutosha kueleza tofauti, lakini utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa.

Sehemu ile ya kwanza leo ingekatwa. Kusema haki, Physics Education ni jarida la walimu, halikuwa na masharti makali. Lakini hata majarida makubwa hayakuanza na masharti. Henry Oldenburg alipoanzisha Philosophical Transactions jijini London mwaka 1665, mengi aliyochapisha yalikuwa barua: mtu anasimulia alichofanya na alichoona. Mpango wa Utangulizi, Mbinu, Matokeo na Mjadala, tunaokaririshwa kana kwamba ulishuka na mvua, ulienea kwenye majarida ya tiba kuanzia miaka ya 1940, na ukawa karibu wa lazima miaka ya 1980. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakakubaliana masharti ya pamoja. Tunawalaumu bure. Kabla ya hapo, ukikataliwa hapa ukapeleka kule, orodha ya marejeo iliweza kukubidi uipige upya kwa taipureta, neno kwa neno.

Kwa hiyo pambizo na nukta za marejeo sizichukii tena sana. Ni adabu ya kuingia nyumba ya mtu. Mbinu ni jambo jingine.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha makala katika Scientific Reports wakihoji kama tukio hilo lipo kweli. Walipima upya, wakasoma upya vipimo vya wengine, na hawakupata ushahidi wa kuwaridhisha. Mojawapo ya waliyoonyesha ni hili: vipimajoto viwili vikikaa kina tofauti majini, hata kwa sentimita moja hivi, unaweza kupata matokeo yanayofanana na ya Mpemba kumbe ni mahali pa kipimajoto tu. Wengine hawakubaliani nao, na mjadala unaendelea. Lakini unaendelea kwa sababu Osborne aliandika bika, ujazo na lile povu chini yake. Angeandika "tuliweka maji kwenye friji", hakuna ambaye angeweza kumsahihisha wala kumtetea.

Sasa rudi kwenye daftari langu. Swali la utafiti huu sikulitoa kitabuni. Mama mmoja muuza chai hapa aliniuliza kwa nini maji yake ya alfajiri huwa meupeupe na ya mchana ni safi. Hadithi hiyo niliitoa kwenye makala kwa sababu kiolezo cha jarida hakina pa kuiweka. Na kwa kuitoa nikasahau kwamba saa ndiyo iliyokuwa swali lenyewe! Yeye alinitajia saa siku ya kwanza kabisa.

Nimemwandikia mhariri kuomba miezi miwili. Sampuli zisizo na saa nimezifuta kwenye jedwali, zote 19. Mama nimemwambia nitakuwa bombani kwake Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, kakubali, ila kasema nisimchafulie ndoo.