Jiko la Mtu Mmoja

Fundi alichora mistari miwili ya chaki sakafuni: sinki huku, gesi kule, katikati nafasi ya mtu mmoja. "Hapa Mama hatembei sana," akasema. Mama alinyamaza.

Usiku nikasoma kuhusu Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926, huko Frankfurt, Ujerumani, msanifu huyu alichora jiko la takriban mita 1.9 kwa 3.4, akichukua mfano wa majiko ya mabehewa ya treni. Alipima hatua na dakika, ili mwanamke amalize kazi mapema na apate muda wake. Majiko kama 10,000 yakajengwa. Makabati ya ukutani na kaunta za fleti zetu ni wajukuu wa jiko hilo. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba kabla ya kulichora hakuwa amewahi kupika.

Nia ilikuwa safi. Lakini jiko lile lilitosha mtu mmoja tu. Wa pili akiingia, mnagongana. Zilipungua hatua, ikapungua na kampani.

Hapo nikaelewa kimya cha Mama. Tangu Baba afariki, jikoni ndipo sisi huongea: mimi kwa stuli nikikata sukuma, yeye akikoroga sufuria. Mambo mazito yote nimeambiwa huko, akiwa amenipa mgongo.

Asubuhi nikafuta mstari mmoja kwa kiatu. Tutajenga umbo la L, kona moja ibaki wazi.

Fundi akauliza, "Ya nini sasa?"

"Ya stuli," Mama akajibu.